Kings hawajawahi kuhamia Seattle

Unasema Sacramento Kings, timu ya NBA (ligi kuu ya mpira wa kikapu Marekani), walihamia Seattle? Hapana ndugu, hawakuhama. Walikaribia sana tu. Mapema 2013 familia ya Maloof, wamiliki wakuu wa timu wakati huo, ilikubali kuuza asilimia 65 ya timu kwa kundi la Chris Hansen na Steve Ballmer lililotaka kuipeleka Seattle, lakini tarehe 15 Mei wamiliki wa timu za NBA walipiga kura 22 kwa 8 kukataa uhamisho. Timu ikanunuliwa na kundi la Vivek Ranadivé, ikabaki.

Wapo wanaosema mashabiki ndio waliookoa timu; wana haki yao, ila si yote. Ile mechi ya mwisho ya msimu dhidi ya Lakers, Aprili 2011, wakati timu ilikuwa inatakiwa Anaheim, mji mwingine wa California, filimbi ya mwisho ililia na watu wakagoma kuondoka vitini, wengine machozi yanawatoka. Mimi nikiitazama hadi leo roho inaniuma. Lakini Seattle nao walipiga kelele kama hizo 2008 na timu yao ya NBA, Sonics, ikaenda Oklahoma City vilevile. Tofauti ni uwanja. Meya wa Sacramento wakati huo, Kevin Johnson, aliyewahi kuichezea NBA mwenyewe, alipeleka mezani mpango wa uwanja mpya katikati ya mji, na jiji likaweka zaidi ya dola milioni 250. Ndio Golden 1 Center uliofunguliwa 2016.

Kelele za mashabiki ziliinunulia Sacramento muda wa kuupata huo mpango.