Mashine ya kufulia ya jengo zima: tohara ya nguo, na upele

SWALI: Assalaam alaykum Shekhe. Mimi ni msichana wa Mombasa, ninasoma Leicester, Uingereza. Tumepanga nyumba wasichana wanne, na jengo letu lina mashine mbili za kufulia huko chini ambazo wapangaji wote tunazitumia, Waislamu na wasio Waislamu. Jirani mmoja hufulia humo blanketi la mbwa wake. Nikizitoa nguo zangu kwenye mashine nazirudia kwa mkono bafuni mara tatu, wakati mwingine mpaka saa saba za usiku, na bado moyo hautulii nikisimama kuswali. Mwezi huu nimeanza kuwashwa vidoleni na kiunoni. Mfamasia ameniambia ni upele, akanipa dawa ya kupaka. Naona haya kuwaambia wenzangu, kwa hiyo nashuka kufua usiku wakati hakuna mtu. Je, mashine ndiyo iliyoniambukiza? Nguo zangu ni tohara? Swala zangu nizilipe?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu. Allah akuponye ponyo lisilobakisha ugonjwa.

Sayyidna Omar bin Khattab alikuwa safarini na kundi la watu, Amr bin al-Aas akiwemo. Wakafika kwenye hodhi la maji. Amr akamuuliza mwenye hodhi: je, wanyama wakali huja kunywa hapa? Omar akamkatiza: ewe mwenye hodhi, usitueleze, kwani sisi huwafuata wanyama majini nao hutufuata. Imamu Malik ameipokea habari hii katika Muwatta. Basi mashine yako ndilo hodhi lile. Hukutakiwa kuchunguza kila aliyeshuka kabla yako alifua nini. Maji ya bomba asili yake ni tohara, mashine asili yake ni tohara, na yakini haiondoki kwa shaka.

Tena iangalie inavyofanya kazi. Katika madhhab yetu ya Shafi, maji machache yakiingiwa na najisi hunajisika hata kama hayakubadilika. Ndiyo maana bibi zetu hawakuwa wakiichovya nguo yenye najisi ndani ya beseni, waliimiminia maji. Mashine inafanya hivyo hivyo: maji ya kwanza yenye sabuni hutolewa, nguo zikakamuliwa, kisha huja maji mapya juu yake kuzisuuza, nayo yakamwagwa. Lako wewe ni kuondoa kwanza kile kinachoonekana. Mwanamke mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya damu ya haidhi kwenye nguo, akamwambia aikwangue, aisugue kwa maji, aisuuze, kisha aswali nayo. Amepokea Asmaa binti Abubakar. Ukiisha kufanya hivyo, doa lililogoma kutoka halikudhuru kitu.

Kuhusu mbwa, najua uzito wake kwetu: kuosha mara saba, moja kwa udongo. Lakini hilo ni kwa mwenye hakika. Siku ambayo hukuona kitu, huna la kuuliza. Siku utakayoyaona manyoya kwa macho yako, tumia mashine ya pili. Nayo ikiwa na mtu na huna budi, yatoe manyoya, iendeshe tupu mara moja kwa maji, kisha ufue, ukichukua kauli ya Imamu Malik kwamba kila kilicho hai ni tohara, mbwa akiwemo. Kumfuata imamu mkubwa kama huyo wakati wa haja si kuichezea dini. Huko kurudia bafuni mpaka saa saba kuache leo hii. Huo ni wasiwasi, na kila ukiulisha unakua.

Sasa nije kwenye lile ulilolitaja kwa haraka, na mimi ndilo lililonikosesha raha niliposoma barua yako.

Mtume (s.a.w.) amesema, kama alivyopokea Abu Huraira: mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa mwenye ngamia wazima. Na mazungumzo ya Mtume na bedui mmoja, Mwarabu wa jangwani, kuhusu maambukizi yalikuwa juu ya ngamia mwenye upele hasa, ugonjwa huu huu. Maradhi hayaambukizi kwa nguvu zake yenyewe, ila kwa idhini ya Allah; pamoja na hayo tumeamrishwa tuwatenge wagonjwa na wazima. Ikiwa ngamia wa jirani wana haki hiyo, vipi wasichana watatu unaolala nao nyumba moja?

Upele hupita zaidi kwa ngozi kugusana muda mrefu, na kwa kuchangia kitanda, taulo na nguo. Kwa hiyo usiharakishe kuilaumu mashine, wala yule jirani. Vidudu vyake vikitoka mwilini kwa kawaida haviishi zaidi ya siku mbili tatu, lakini maji ya nyuzi joto 30, ambayo wengi huchagua ili kupunguza gharama, hayatoshi kuviua. Siku unayopaka dawa, fua shuka, taulo na nguo ulizovaa siku hizi kwa nyuzi 60 au zaidi. Kisichovumilia moto huo kifunge ndani ya mfuko wa plastiki kwa siku tatu au zaidi. Nguo chafu usizikung'ute, na ukisha kuziweka nawa mikono. Dawa hurudiwa baada ya wiki.

Na wenzako waambie. Anayeupata kwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki nne mpaka nane hajawashwa, naye tayari anaambukiza. Kwa hiyo wote wanne mnatakiwa mpake dawa siku hiyo hiyo moja, hata asiyejikuna. Ukijitibu peke yako kwa siri utapona, kisha utaupata tena kutoka kwao. Ummu Sulaym alipotaka kumuuliza Mtume jambo zito la wanawake alianza kwa kusema: hakika Allah haoni haya kwa lililo haki. Upele si uchafu wala si aibu, humpata msafi kama anavyompata mwingine. Kuwaficha ndiko kunakoingia kwenye dhara, na haya yako haikuhalalishii hilo. Kaa nao jikoni jioni ya leo, waonyeshe boksi la dawa uliyopewa. Na wapangaji wengine wa jengo, kwa kuwa sasa utafua kwa maji ya moto, huna haja ya kunyemelea usiku.

Swala zako zote ni sahihi, usilipe hata moja. Wallahu a'lam.