Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Ile Rhino ya Mtutu Mfupi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, na nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kutoa fedha. Unasema kwamba uraia wa Marekani umeshaupata, kwamba umemaliza mafunzo ya kutumia bastola, na kwamba dukani umeonyeshwa revolva mbili (bastola zenye silinda, yaani gurudumu la matundu ya risasi linalozunguka) za mtutu mfupi: moja ya kawaida, Smith & Wesson modeli ya 642, yenye kuchukua risasi tano, na nyingine ya Kiitaliano iitwayo Chiappa Rhino 200DS, ambayo mtutu wake umekaa chini badala ya juu. Unataka kujua kama huo mtutu wa chini ni ufundi wa kweli au ni madoido tu, na ipi kati ya hizo mbili uichukue. Kwa kuwa nilifanya kazi miaka mingi katika karakana ya fundi bunduki huko huko Ohio kabla ya kurejea Tanga, nitakujibu kwanza kama fundi, halafu kama baba yako.

Ufundi ni wa kweli. Katika revolva karibu zote tunazozijua, risasi hutoka katika tundu la juu kabisa la silinda, ilhali katika Rhino hutoka katika tundu la chini kabisa. Nguvu ya kurudi nyuma hupita katika mstari wa mtutu, na mstari huo ukiwa juu sana ya kiganja, nguvu hiyo huupindua mkono na kuurusha mdomo wa bastola juu, hivyo kwamba kabla hujafyatua risasi ya pili inakubidi uushushe na kuitafuta shabaha upya. Mtutu ukishushwa karibu na usawa wa mkono, kinachobaki ni msukumo unaokuja moja kwa moja kiganjani. Ni sawa na kusukuma mlango karibu na bawaba: nguvu ni ile ile, lakini mlango haugeuki sana. Kwa hiyo asikudanganye mwuzaji kwamba mshtuko umepungua. Haukupungua, umebadilishiwa njia, na njia hiyo mpya inakuumiza utando wa kiganja kati ya kidole gumba na cha shahada badala ya kukutikisa kifundo cha mkono.

Wazo hilo halikuzuka jana. Emilio Ghisoni, Mwitaliano aliyeibuni Rhino, alilifuatilia kwa miongo kadhaa, na katika kampuni yake ya Mateba alitoa bastola za ajabu kuliko hii, ikiwemo ile 6 Unica ya mwaka 1997, ambayo silinda na mtutu wake vilirudi nyuma kila ilipofyatuliwa ili ijikoki yenyewe, yaani iwe tayari kufyatuliwa tena. Alifariki mwaka 2008, kabla ya Rhino kufika madukani, na Chiappa, watengenezaji wa mkoa wa Brescia, ndio walioifikisha kwa wanunuzi. Nakueleza haya ili ujue kwamba unachonunua ni fikra ya mtu mmoja mkaidi, pamoja na uzuri na usumbufu wake.

Tuje kwenye faida unazoweza kuzishika. Rhino inachukua risasi sita dhidi ya tano. Silinda yake si ya duara bali imechongwa bapa pande sita, na ukiipitisha kiganja utahisi kwamba haijitokezi sana ubavuni, jambo ambalo mtu anayevaa bastola ndani ya nguo kutwa nzima hulishukuru. Inakubali risasi za .357 Magnum, zenye nguvu kubwa, na vilevile .38 Special, zilizo pole zaidi, ilhali ile 642 ni ya .38 Special tu. Ina uzito wa takriban gramu 700 ikiwa tupu, na hiyo nyingine ni kama gramu 410. Uzito huo mdogo utaupenda dukani na kuuchukia uwanjani, kwa sababu bastola nyepesi humwachia mpigaji mzigo wote wa mshtuko. Kwa maoni yangu, kama nia yako ingekuwa kupiga .357 yenye nguvu zake zote kutoka katika mtutu wa inchi mbili, nisingeona mshindani wa Rhino kati ya bastola nilizowahi kuzishika zenye ukubwa huo.

Lakini je, hiyo ndiyo nia yako? Katika mtutu mfupi kiasi hicho, sehemu ya baruti ya Magnum huungua nje, mbele ya mdomo wa bastola, na unachopata ni mwali mkubwa na mlio wa kuziba masikio kwa ongezeko la kasi lisilolingana na usumbufu wake. Watu wengi wanaobeba revolva fupi hatimaye huweka .38 Special ndani yake, na ukiweka hiyo, ile tofauti kubwa ya kuruka kwa mtutu uliyolipia huwa ndogo. Rhino ndefu, yenye mtutu wa inchi nne au sita, naisifu bila kusita. Hii fupi naisifu kwa masharti.

Sharti la kwanza ni vidole vyako. Kila revolva ina mwanya mwembamba kati ya silinda na mtutu, na hewa yenye moto mkali hutoka hapo kwa kila risasi. Katika revolva ya kawaida mwanya uko juu. Katika Rhino umeshuka chini, mbele tu ya kifyatulio, yaani karibu na mahali ambapo waliozoea bastola za magazini, zile zinazochomekwa kasha la risasi ndani ya mpini, hunyoosha vidole gumba vyao mbele. Ulifundishwa kwa bastola ya aina hiyo, hivyo mshiko wako itabidi uubadilishe kabisa: gumba moja juu ya jingine, vimekunjwa nyuma ya silinda, na kidole chochote cha mkono wa kushoto kisivuke mbele ya kikinga-kifyatulio.

La pili ni ile nyundo, yaani chuma cha kugongea risasi, unayoiona nyuma, ambayo si nyundo. Ni kiwiko cha kukokia tu. Nyundo yenyewe imefichwa ndani. Ukikivuta, kinakoki kisha kinarudi mbele kama kwamba hakuna kilichotokea, na kinachokuonya kwamba bastola imekokiwa ni kijiti kidogo chekundu kinachochomoza juu karibu yake. Kuirudisha katika hali tulivu kunahitaji kushika kiwiko na kubonyeza kifyatulio kwa pamoja, na kazi ya namna hiyo sitaki uifanye usiku, umechoka kutoka zamu ya hospitali. Ukiinunua, jizoeze kuvuta kifyatulio moja kwa moja mwendo wake wote, na hicho kiwiko usikiguse. Ile 642 haina hata cha kugusa.

La tatu, ambalo wauzaji hulipita haraka, ni matengenezo. Nimefungua revolva nyingi za Smith & Wesson, na fundi yeyote wa Marekani anazijua kwa kupapasa. Ukifungua ubavu wa Rhino unakutana na msitu wa vyuma na springi, kwa kuwa kiwiko kilicho juu inabidi kiunganishwe na nyundo iliyofichwa ndani. Haimaanishi kwamba huharibika upesi; ila ikiharibika, fundi wa mtaani kwako huenda akakurudishia ikiwa imefungwa kwenye boksi, na itabidi uitume kwa wawakilishi wao, ambao kwa bahati nzuri wako Dayton, huko huko Ohio. Ala za kuivalia nazo ni chache, kwani umbo lake haliingii katika ala ya revolva nyingine. Na bei yake ni karibu maradufu ya ile ndogo.

Vilengeo vyake viko juu sana ya mtutu, kwa hiyo karibu na shabaha risasi itagonga chini kidogo ya pale unapolenga. Hilo utalizoea.

Basi jibu langu ni hili. Chukua 642, na fedha zitakazobaki zinunulie risasi za mazoezi na kisanduku cha chuma cha kufungia bastola, kilichofungwa kwa skrubu ndani ya kabati, maana mjukuu wangu ameanza kupanda viti. Nasema hivi si kwa sababu Rhino ni mbaya, bali kwa sababu inamfaa mtu aendaye uwanjani mara kwa mara, nawe mwenyewe umeandika kwamba zamu zako hazikuachii nafasi. Kama moyo wako umeshaiangukia, nenda kwanza kwenye uwanja wa shabaha unaokodisha, uipige silinda mbili za .38 na moja ya .357, kwa kifyatulio peke yake bila kukoki, kisha fanya vivyo hivyo na 642. Niandikie ni ipi uliyotaka kuendelea nayo, na unieleze kiganja kilikuuma wapi.

Mama yako anakusalimu, na anauliza lini utatuma picha za mtoto.

Baba yako