Kambi ya trela Nabugabo: sufuria ipangwe kwanza, mtumbwi ufuate

Ukiandika kwenye ratiba "Jumamosi mchana: samaki tutakaovua", umewapangia watu 24 njaa. Mishipi miwili mitatu mikononi mwa watu wa mjini huleta ngege (tilapia) wachache siku ziwa linapokuwa na huruma, na siku nyingine kambare mmoja tu. Mlo wa watu 24 unataka kilo 8 za samaki wazima, yaani gramu 330 hivi kwa mtu kabla ya kuparua magamba na kutoa matumbo. Kwa hiyo panga vyakula vitakavyoshibisha kambi nzima hata mitumbwi ikirudi mitupu. Kitakachovuliwa ni nyongeza.

Mfano tunaotumia hapa ni kambi ya trela 8 kwenye Ziwa Nabugabo, karibu na Masaka nchini Uganda, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana. Nabugabo ni ziwa dogo lililotengwa na Victoria kwa ukanda wa mchanga. Kina chake hakifiki mita 10, na trela inafika bila kupanda feri. Ukipenda Visiwa vya Ssese kupitia kivuko cha Bukakata–Luku, hutozwi nauli, lakini trela inakula nafasi ya gari la pili, na dereva asiyejua kurudisha trela kinyumenyume atachelewesha foleni nzima. Ziwa Bunyonyi ni zuri kwa macho tu. Kule trela inapambana na miteremko, na mvuvi hurudi na kamba wa maji baridi na visamaki vidogo.

Michango

Usiseme "kila trela ilete chakula". Utapata masanduku matano ya soda, mikate kumi, na hakuna aliyebeba chumvi. Kusanya fedha wiki mbili kabla, chagua mnunuzi mmoja na mpishi mkuu mmoja, na milo ya pamoja iwe minne tu: Ijumaa usiku, Jumamosi mchana na usiku, Jumapili mchana. Chai ya asubuhi kila trela ijitegemee, maana watu hawaamki kwa wakati mmoja na wengine watakuwa ziwani. Kila trela ije na sahani, vikombe, viti na taa zake, pamoja na madumu mawili ya maji safi ya lita 20.

Hesabu ya maji ni lita 8 kwa mtu kwa siku: 3 za kunywa, 3 za kupikia, 2 za mikono na vyombo. Kwa watu 24 hiyo ni lita 192, yaani madumu 10 kwa siku. Madumu 16 ya kuanzia yanafika Jumamosi usiku. Mtu mmoja apewe gari na kazi ya kuyajaza tena Jumamosi alasiri. Maji ya ziwa yaishie kusugulia masizi ya sufuria, na ya kusuuzia yawe yamechemshwa.

Kabla mnunuzi hajaenda sokoni, uliza miiko. Hapa Buganda hilo si adabu tu, linabadilisha orodha. Wa ukoo wa Mmamba hawali kamongo, wa Nkejje hawali nkejje, visamaki vidogo vya ziwani. Waadventista hawali kambare, na Jumamosi usiwapange jikoni wala mtumbwini. Mbuzi achinjwe na Mwislamu ili wote wale sufuria moja. Kama kuna watu wa nguruwe, wawe na sigiri, kisu na koleo lao pembeni.

Vipimo

Ijumaa usiku watu hufika wamechoka, wengine gizani, kwa hiyo ni wali na maharage. Mchele kilo 3. Maharage makavu kilo 2, yalowekwe Jumatano usiku, yachemshwe Alhamisi nyumbani bila chumvi wala kitunguu, yapozwe kabisa kisha yasafiri kwenye boksi la barafu. Yakifungwa yakiwa ya moto, yatachacha kabla ya Lukaya, mji ulio njiani kabla ya Masaka. Ukitaka kuyapikia ziwani, kumbuka kwamba huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, na maharage ambayo hayakulowekwa yatakula makaa ya siku nzima.

Jumamosi mchana ni matoke na mchuzi wa karanga, na huu ndio mlo unaopokea samaki. Nunua mkungu mmoja mkubwa wa kilo 25. Ukiondoa shina na maganda unabaki na kilo 13 au 14, yaani zaidi kidogo ya nusu kilo kwa mtu. Watu wanne wamenye kwa saa moja. Weka vipande vya mashina ya majani chini ya sufuria, maji yasiguse matoke, funga vizuri kwa majani ya mgomba, na uache mvuke ufanye kazi kwa saa mbili. Karanga za kusaga ziwe kilo 1.5 kwa lita 5 za maji. Koroga unga kwenye maji baridi kwanza, ndipo uweke motoni, na usiache mwiko kwa dakika 30 za mwanzo, kwa sababu karanga hushika chini na harufu ya kuungua haitoki hata ukihamisha sufuria.

Jumamosi usiku ni posho (ugali wa mahindi) na nyama choma: unga kilo 4.5, maji lita 10, nyama ya mbuzi yenye mifupa kilo 6. Songa kwa sufuria mbili. Kilo 4.5 kwenye sufuria moja inamshinda msongaji, na katikati hubaki unga mbichi. Nyama inunuliwe Masaka Jumamosi asubuhi, si Ijumaa.

Jumapili mchana ni wali na mukene (dagaa). Mukene wakavu kilo 1 wanatosha. Tafuta waliokaushwa juu ya nyavu au vichanja. Waliokaushwa chini huja na mchanga usiotoka hata ukiosha mara tano, na mtoto akitafuna mchanga mara moja hali tena.

Makaa ya kilo 10 kwa siku yanatosha sigiri tatu kubwa. Gesi iachiwe chai na kukaangia. Mtungi wa kilo 6 ukiuweka chini ya sufuria la watu 24 hauoni Jumapili.

Jiko likae wapi

Mchana, kuanzia saa nne au saa tano hivi, upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka. Watu wengi huweka jiko kati ya trela na maji kwa sababu ya mandhari, halafu moshi wote wa mchana unaingia kwenye vitanda. Ukiliweka nyuma ya trela, moshi unaingia usiku. Panga trela kwa mstari unaofuata ufuko, na jiko likae mwishoni mwa mstari, hatua 15 kutoka trela ya mwisho, chini ya turubai ambalo upande wake wa ziwani umeshushwa. Miguu ya trela iwekewe vibao vya sentimita 30 kwa 30. Mchanga wa ufukweni hunywea usiku, na asubuhi unakuta mlango haufungi. Sigiri yenye makaa mekundu isiingizwe ndani ya trela wala hema hata mvua ikinyesha vipi. Hewa yake ya sumu haina harufu na inaua.

Mtumbwi

Anza na ruhusa. Siku chache kabla ya kambi, ongea na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), kamati ya mwalo na afisa uvuvi wa wilaya, na ukipewa karatasi tembea nayo. Mwaka 2017 kikosi cha UPDF, jeshi la Uganda, cha kulinda uvuvi kilianza kukagua maziwa, na hakikuwa na mzaha. Vueni kwa mshipi na ndoano tu. Nyavu, hata ya kuazima, waachieni wenye leseni. Ngege aliye chini ya sentimita 28 na sangara aliye chini ya sentimita 50 warudishwe majini wakiwa hai. Chora alama hizo mbili kwenye kafi kwa rangi ili kusiwe na ubishi. Sangara waliletwa Nabugabo miaka ya 1960, na wengi utakaowashika hapa hawafiki kipimo.

Kodi mtumbwi pamoja na mwenyewe. Anajua matete yako wapi, na anajua kama kuna kiboko; swali hilo ulizwe kila asubuhi, si mara moja. Kwa mtumbwi wa mbao wa mita 5 au 6, watu watatu wanatosha: mwenyeji na wageni wawili. Wakishakaa, pima kutoka maji hadi ukingo. Pakiwa chini ya shubiri moja, mtu ashuke. Angalia ngama, yaani chini ndani ya mtumbwi, kabla ya kupanda: mtumbwi uliokaa juani siku kadhaa huvuja kwenye maungio mpaka mbao zivimbe, hivyo uingizwe majini tangu usiku. Kopo la kukumbia maji, yaani dumu la lita 5 lililokatwa, lifungwe kwa kamba, la sivyo siku utakayolihitaji litakuwa linaelea mbali. Nanga ni jiwe la kilo 6 na kamba ya mita 15, na ifungwe omo, yaani mbele. Ukiifunga tezi, yaani nyuma, mawimbi yanaingilia nyuma na mtumbwi unajaa.

Jaketi la kuelea ni la kuvaa, si la kukalia. Mvalishe mtu, kisha livute mabegani kwenda juu. Likipita kidevu ni kubwa kwake. Mtoto asiye na jaketi la saizi yake avulie ufukweni.

Ondokeni saa kumi na mbili na nusu kukiwa kumepambazuka, mrudi saa nne kabla upepo wa ziwani haujaanza. Ngurumo za huku hupenda usiku wa manane na alfajiri, kwa hiyo mkiamka na kusikia radi, subirini dakika 30 tangu ya mwisho. Wanaopika Jumamosi mchana wasiende ziwani asubuhi hiyo hata wakiapa kuwahi.

Kwa ngege, tumia mshipi wa milimita 0.30, ndoano ndogo, chubwi ndogo (kizito cha kuzamisha mshipi) na boya, chambo kikae mita moja na nusu chini, kando ya matete. Minyoo ya udongoni inafaa, na donge la posho la jana lililokandwa na unga kidogo linafaa zaidi kuliko watu wanavyodhani, mradi liwe gumu lisiyeyuke. Kwa sangara, mshipi wa milimita 0.50 au zaidi, ndoano kubwa, na kisamaki hai kilichotobolewa mgongoni mbele ya pezi. Wageni wawili warushe pande tofauti; wakirusha upande mmoja, nusu ya asubuhi itakwisha mkifumua nyuzi. Samaki akishika, anayevuta abaki amekaa na mwenyeji ainue samaki kwa wavu mdogo wenye mpini. Mitumbwi mingi hupinduka pale wawili wanaposimama upande mmoja kumtazama samaki. Kambare ana miiba migumu kwenye mapezi ya kifuani. Kamongo anauma kwelikweli, kwa hiyo mkono usikaribie mdomo wake hata akionekana amekufa.

Kutoka mtumbwini hadi kikaangoni

Samaki auawe mara tu anapotoka majini, kisha aingie kwenye boksi la barafu, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, tabaka kwa tabaka. Boksi liwe na tundu la kutolea maji, kwa sababu samaki anayelowa kwenye barafu iliyoyeyuka hulegea nyama. Bila barafu, aliyevuliwa asubuhi asiliwe usiku. Matamvua yakishakuwa ya kahawia na macho yamezama, mtupe.

Parueni mbali na jiko, na nyongo isipasuke. Matumbo yafukiwe kwenye shimo la nusu mita. Mkiyatupa ufukweni, kaloli (korongo wala mizoga) na kenge watakuwa wageni wenu hadi Jumapili. Ngege mzima achanjwe mara tatu hadi mfupani kila upande, apakwe chumvi, akae dakika 15, kisha akaushwe kwa kitambaa. Samaki mbichi mwenye maji hushika kikaango na kurusha mafuta. Lita 2 za mafuta, samaki watatu kwa mkupuo, dakika 6 kila upande. Wakiwa wachache, usikate vipande vya kugawana: kaanga, chambua mwiba, tia nyama kwenye mchuzi wa karanga dakika tano za mwisho, na kila sahani itapata. Kichwa cha sangara kitoe supu kwa walioenda ziwani.

Kichocho kipo Victoria na huenda kikawa kwenye maziwa ya kando yake, na konokono wake hupenda maji ya kina kifupi yenye majani, hapohapo mnapoingizia mtumbwi. Vaeni buti za mpira mnapousukuma, na aliyelowa ajikaushe kwa taulo palepale. Watoto ndio wanaocheza humo muda mrefu zaidi. Dawa ya praziquantel hutumiwa wiki 6 hadi 8 baada ya kuingia majini, kwa sababu haiui vizuri vimelea vilivyo vichanga. Anayeimeza Jumatatu baada ya kambi anajidanganya. Mratibu aweke tarehe hiyo kwenye kundi la simu kabla watu hawajafungua kamba za turubai.