Mwasumini Hautoi Maua? Shika Mkasi

Mwasumini wangu wa kwanza niliupanda kando ya mlango wa jikoni, hapa Unguja, nikaulea kama mwana wa pekee. Maji kila jioni, samadi kila mwezi. Ukatambaa hadi ukingo wa bati, majani yakang'aa, kila aliyepita akausifu. Maua sasa! Kwa miaka miwili nilikuwa nayahesabu kwa vidole. Harusi ya binti wa dada yangu ilipofika, asumini za vikuba, vile vishada vya kunukia wanavyojipamba wanawake, tulizinunua sokoni, na mti ninao uani.

Shangazi yangu ndiye aliyenifungua macho. Aliuzunguka mara moja, akauliza, "Umeshaukata?" Nikamwambia sijawahi kuugusa. Akasema, "Basi ndiyo maana."

Asumini huchanua kwenye ncha za matawi machanga. Tawi likishakongoka hurefuka tu na kujaza majani. Ukilikata, chini ya mkato huchipua matawi mawili au matatu mapya, na kila moja huja na kishada chake, mara nyingi vichwa vitatu pamoja. Kwa hiyo anayeuonea huruma mti wake ndiye anayeunyima maua. Siku ile niliupunguza theluthi nzima, moyo ukiniuma. Baada ya wiki sita hivi, nilitoka alfajiri kuchota maji nikaona vichwa vyeupe kila pembe.

Siku hizi hukata mara mbili kwa mwaka: mwishoni mwa Februari, kabla masika hayajaanza, na tena Septemba kabla ya vuli, ili mvua ikute machipukizi yanayotaka kukua. Natoa kwanza matawi makavu toka shinani, kisha nafupisha yaliyobaki. Baada ya hapo ndipo naweka samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, viganja viwili vitatu, basi. Samadi nyingi ndiyo iliyonipa yale majani ya kusifiwa.

Udongo ulinisumbua zaidi ya mkasi. Huku kwetu maweni, ukichimba kidogo tu unagonga jiwe la matumbawe, na udongo wake una chokaa nyingi. Mwasumini wa pili niliouweka huko ulianza kupauka: jani la njano, mishipa yake ikibaki kijani. Nilidhani una njaa nikaumwagia jivu la jikoni, ukazidi kuharibika. Chokaa huuzuia mti usipate madini ya chuma yaliyomo ardhini, na jivu huongeza tatizo lile lile. Nilichofanya mwishowe ni kuung'oa, nikachimba shimo la dhiraa moja, nikalijaza udongo mwekundu wa shamba uliochanganywa na majani yaliyooza. Kama kwako ni mawe matupu, usihangaike, panda kwenye chungu kikubwa chenye matundu chini. Na maji ya kisima chako yaonje kwanza. Yakiwa na chumvi, ncha za majani zitaungua. Kinga maji ya mvua, au tumia ya bomba.

Jua lisipungue saa sita kwa siku. Chini ya mwembe utapata kamba za kijani tu. Tena mwasumini haushiki ukuta wenyewe, lazima uusaidie: simamisha fito, funga matawi kwa usumba, usikaze.

Matawi uliyokata usiyatupe. Chagua yasiyo laini sana wala makongwe, kata pingili za shibiri moja, toa majani ya chini, zichomeke kwenye mchanga mbichi kivulini. Masika ndiyo wakati wake. Zangu nyingi hushika mizizi ndani ya wiki tano au sita, na majirani wote wa kichochoro chetu sasa wana mti.

Nasikia watu wakilalamika kwamba asumini yao haina harufu. Ukiwauliza wanachuma saa ngapi, wanasema asubuhi. Ua hili hufunguka usiku, na usiku ndio hutoa harufu yake yote. Hata Wachina wanaotia asumini kwenye chai huchuma vichwa vikiwa vimefumba, kisha huvichanganya na majani ya chai usiku vinapofunguka. Nawe chuma baada ya alasiri, vichwa vilivyovimba na kuwa vyeupe kabisa, kabla havijafumbua. Vile vyenye ukijani viache mtini, vikichumwa havifunguki. Vifunge kwenye kitambaa kibichi au jani la mgomba. Ukitunga kikuba magharibi pamoja na mrehani na mkadi, itakapofika saa mbili usiku chumba kizima kitakuwa kinanukia.

Mimi huwa sivimalizi. Vya upande wa dirisha la chumbani naviacha vifunguke mtini.