Mama anapoulizia pochi kutwa nzima

Mwenye demensia, yaani maradhi ya ubongo yanayopoteza kumbukumbu, akikuuliza jambo lile lile tangu asubuhi, hakuchokozi. Jibu ulilompa halikukaa. Katika Alzheimer, aina ya demensia inayowapata wengi zaidi, hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza mambo mapya, ni miongoni mwa zinazodhurika mwanzo. Ndiyo maana anasimulia ya ujana wake vizuri, na ulichomwambia sasa hivi hana habari nacho. Ukimkaripia, maneno atayasahau, lakini kinyongo kinaweza kubaki naye.

Kwa mama yangu ni pochi. Anaificha mwenyewe chini ya godoro isiibiwe, kisha anaitafuta, kisha mwizi anakuwa yeyote aliye karibu, mara nyingi mimi. Kubishana naye ni kujichosha bure. Namwambia, "Pole mama, pochi ikipotea inakosesha raha kweli. Hebu tuitafute." Tunaanza mbali na godoro makusudi, maana akitembeatembea na kufunguafungua droo, hasira inashuka yenyewe. Nimenunua na nyingine ya rangi ile ile. Siku ambayo ya kwanza haionekani, ya pili inamaliza kesi. Wapo ndugu wanaosema huko ni kumdanganya. Hao hawashindi naye.

Kabla ya kujibu, angalia anahitaji nini. "Nataka kwenda nyumbani", kwa mtu aliyekaa nyumbani kwake, inaweza kuwa haja ya choo, kiu, maumivu au upweke tu. Jioni huwa ngumu kwa wengi, kwa hiyo washa taa mapema na punguza kelele za televisheni. Miadi ya daktari usimtangazie siku nyingi kabla. Mwambie siku yenyewe, la sivyo utaulizwa mpaka usiku wa manane. Kama bado anasoma, mwandikie jibu kwa herufi kubwa, ulibandike anapokaa. Mikono nayo ipewe kazi. Mama nikimpa taulo akunje, habari ya pochi inatulia. Akimaliza naenda kuzikunjua chumba cha pili, namrudishia.

Ila akibadilika ghafla, ndani ya siku moja mbili, usiseme tu ni ugonjwa umezidi. Maambukizi ya njia ya mkojo, kukosa choo au dawa mpya vinaweza kumvuruga mzee kiasi hicho. Mpeleke apimwe. Na dawa za kumtuliza usizitafute kienyeji: mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuwa baadhi ya dawa za magonjwa ya akili zinaongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye demensia.

Wewe nawe utachoka. Damu ikianza kuchemka, hakikisha yuko salama, toka chumbani, pumua, rudi. Tafuta na mtu wa kukupokea japo alasiri moja kwa wiki. Umweleze mapema habari ya pochi, maana ataitwa mwizi kabla hajakaa.