Muulize Fundi: Mgeni Hana Kijiti Chako

SWALI: Fundi, shikamoo. Nimerithi nyumba ya wazazi wangu, yenye umri wa zaidi ya miaka hamsini. Uani, kama mita 35 kutoka kwenye bodi ya umeme, kuna jengo dogo la vyumba vitatu ninalotaka kuligeuza nyumba ya wageni. Kwa sasa linapata umeme kwa waya wa milimita za mraba 2.5 uliochomekwa kwenye soketi ya jikoni na kupitishwa dirishani. Nataka kila chumba kiwe na hita ya kuogea ya papo kwa papo, kiyoyozi na soketi za kutosha. Breka ya jikoni, ya ampea 20, imeanza kukatika. Fundi wa kwanza ameniambia tuweke ya 32, yaishe. Wa pili anasema waya za nyumba nzima zifumuliwe. Nimsikilize nani? Halafu swichi ya bafuni hupiga kidogo ukiigusa na mikono yenye maji, ila sisi tumeshazoea, tunaizima kwa kijiti.
– Mrithi

JIBU: Marahaba, Mrithi. Wacha nianze na kijiti, maana ndicho kilichoninyima usingizi.

Ninyi mmekulia humo. Mnajua swichi ipi haishikiki, plagi ipi husukumwa kwa goti, taa ipi haiwaki mpaka upige ukuta kofi. Sasa mgeni wako anafika saa nne ya usiku, amechoka, anaoga, anatoka na maji yanamchuruzika, anapapasa ukutani kutafuta swichi. Nani amemwachia kijiti? Nyumba ya wageni hupimwa kwa mtu huyo. Kila kitu mnachokiita "tumeshazoea" kiandike kwenye karatasi, na karatasi hiyo mpe fundi kabla hujamwonyesha mahali pa kuweka viyoyozi. Swichi ya bafuni usiisubirishe fundi wa mradi: zima breka yake leo, na iendelee kuzimwa mpaka ifunguliwe na kurekebishwa. Ama maji yameingia ndani, ama laivu, waya unaoleta umeme, inagusa boksi la chuma lisilo na ethi, waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja. Hakuna kupiga kidogo hapo. Siku mikono yako ilipokuwa mikavu ngozi ilikukinga; volti ni zile zile.

Sasa fundi wa kwanza. Huyo mshukuru, mpe nauli, asirudi.

Breka haikuwekwa kulinda hita wala birika. Inalinda waya uliofichwa ukutani, ule ambao ukipata moto huuoni. Tena breka si kali kama watu wanavyodhani. Ya ampea 32 inatakiwa ibebe kama ampea 36 saa nzima bila kukatika, na hata mzigo ukifika 46 inaweza kuchukua karibu saa nzima kabla haijaamua kukata. Waya wa 2.5 ndani ya paipu ukutani uwezo wake ni ampea ishirini na kitu. Kwa hiyo waya utakuwa unaiva huku breka imetulia, haina habari.

Nasema haya kwa aibu. Nilipokuwa kijana wa kubeba ngazi, mimi mwenyewe niliwahi kumwekea mama mmoja breka kubwa zaidi kwa sababu ya kwanza ilikuwa inamsumbua. Umeme haukukatika tena, akanisifu kwa majirani. Wiki chache baadaye akaniita: "Mwanangu, sebuleni kunanuka samaki, na sijapika samaki." Nikafungua soketi. Plastiki ya nyuma ilikuwa imegeuka kahawia na kuvimba, skrubu ya laivu imelegea, ganda la waya limekauka kiasi kwamba nilipolikunja lilivunjika likalia kama jani kavu. Plastiki nyingi za vifaa vya umeme zikipashwa joto kupita kiasi hutoa harufu hiyo ya samaki, wengine huisikia kama mkojo. Ukiinusa mahali pasipo na samaki, zima swichi kuu kwanza, maswali baadaye. Skrubu iliyolegea si jambo dogo: upinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu tu, ukipitiwa na ampea 16, unatoa joto la wati 25 hivi. Hiyo ni sawa na kuifungia ndani ya soketi pasi ya risasi wanayochomelea mafundi redio, ikiwa imewashwa.

Chukua kalamu. Wati ukigawanya kwa volti unapata ampea. Mimi natumia volti 230. Hita ya papo kwa papo ya kilowati 5 inakula karibu ampea 22. Wageni watatu wakiamka alfajiri kuwahi safari, hizo ni 65, bado hujawasha hata taa. Nenda kaangalie fyuzi kuu iliyo karibu na mita yako. Ikiwa imeandikwa 60, ndoto ya hita tatu za papo kwa papo imeishia hapo, labda shirika la umeme likuongezee laini au likuletee fezi tatu, yaani laivu tatu badala ya moja. Hilo ni ombi la kupeleka kwao. Fundi hana ruhusa ya kukata lakiri yao, hata akikuambia anamfahamu mtu.

Ushauri wangu: weka hita za tangi. Ya kilowati 1.5 inakula ampea 6.5, kwa hiyo tatu ni 20 hivi. Viyoyozi vitatu vidogo vya kilowati moja moja ni 13. Ongeza birika la kilowati 2 ambalo mgeni atachomeka hata ukibandika tangazo asichomeke, hapo ni karibu 9. Jumla ni 42, na ni nadra vyote kuwaka kwa pamoja, kwa hiyo laini ya ampea 40 itatosha. Shida ya tangi ni kusubiri maji yapate moto, lakini wenye nyumba za wageni wengi niliowafanyia kazi wanaona heri mgeni anayesubiri kuliko mgeni aliye gizani. Ila kumbuka nyumba kubwa nayo ina mzigo wake. Hesabu zote mbili kwa pamoja kabla ya kusema fyuzi kuu inatosha.

Laini hiyo ya 40 itoke kwenye bodi kuu, na breka yake peke yake. Jikoni haihusiki tena. Unene wa kebo unatokana na umbali pia. Kwa ampea 40 na mita 35, kebo ya 6 inapoteza kama volti 10 njiani, ya 10 inapoteza kama 6. Kwa taa inashauriwa upotevu usizidi asilimia 3, yaani karibu volti 7, basi nunua ya 10. Ule waya wako wa dirishani ungepoteza 25, kama haungeungua kwanza. Ipite chini ya ardhi, iwe kebo yenye deraya ya chuma, kina cha nusu mita au zaidi kadiri kanuni za kwenu zinavyotaka, na juu yake mchangani ulazwe mkanda wa tahadhari. Halafu chora ramani ya mtaro, ubandike ndani ya mlango wa bodi. Atakayechimba shimo la kupanda mti hapo miaka kumi ijayo huenda asiwe wewe.

Kule uani kuwe na bodi ndogo yenye swichi kuu yake, ili moto ukitokea mtu azime pale pale bila kukimbia mita 35. Kila hita saketi yake, kila kiyoyozi saketi yake, soketi zao, taa zao. Taa zigawe mara mbili, breka moja ikianguka korido isiwe giza. Bafuni soketi isiingie kabisa, na swichi ya hita ikae nje ya mlango.

Fundi wa pili je? Nusu ya maneno yake ni kweli. Nyumba ya umri huo inaweza kuwa na waya zenye ganda la mpira. Mpira huzeeka, juu ya taa, ambako joto limeuchoma miaka yote, ukiugusa unamomonyoka mkononi. Waya za namna hiyo haziongezewi hata taa moja. Lakini kufumua nyumba nzima kunaamuliwa kwa kipimo, si kwa kuutazama ukuta na kutikisa kichwa. Mwambie aje na kipima ganda cha volti 500, kifaa kinachoonyesha kama ganda la waya bado linazuia umeme kuvuja, achomoe vifaa vyote, apime kila saketi. Kipimo kikishuka chini ya megaomu 1 (omu milioni moja) kuna kasoro ya kutafutwa. Akikupimia kwa testa ya bisibisi, ile yenye kitaa mkiani, hajapima kitu.

Mwulize pia kuhusu ethi. Nyumba nyingi za zamani zilivutwa waya mbili tu, laivu na nyutro, waya wa kurudisha umeme. Kisha anakuja mtu anaweka soketi za matundu matatu, na kwa kuwa ethi haipo anaiunganisha na nyutro ndani ya soketi. Kila kitu kitawaka vizuri. Siku nyutro itakapokatika njiani, mwili wa chuma wa friji na wa pasi utakuwa na umeme kamili. Fungua soketi mbili tatu (umeme ukiwa umezimwa, na fundi yupo) uangalie kama kuna kiwaya hicho kifupi. Ukikikuta kimoja, tafuta ndugu zake.

Na bodi zote mbili ziwe na breka ya ethi, ile yenye kibonyezo cha herufi T, inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Mtu aliyelowa akigusa laivu hupitiwa na sehemu ndogo tu ya ampea, kama robo hivi. Breka ya kawaida ya ampea 16 haiioni kabisa. Robo ampea inatosha kuusimamisha moyo. Bonyeza T kila baada ya miezi mitatu, isipokatika, ibadilishwe.

Kazi ifanywe na mwenye leseni, akuachie vipimo kwa maandishi na sahihi yake. Anayekataa kuandika amekwishakujibu.

SWALI: Breka yetu ya ethi hukatika kila mvua ikinyesha. Fundi ameiondoa na sasa tuna amani. Amekosea?
– Mpangaji

JIBU: Amekosea sana. Irudishwe kesho. Ilikuwa inawaambia kuna maji mahali: mara nyingi ni taa ya nje, kengele ya geti, au boksi la maungio lililofunikwa kwa nailoni. Mvua ikinyesha, zima breka ndogo zote, washa ile ya ethi, kisha washa ndogo moja moja. Itakayoiangusha ndiyo saketi yenye maji.

SWALI: Ukutani nina waya nyekundu na nyeusi. Fundi ameleta za kahawia na bluu, anasema ni sawa. Ni sawa?
– Mwenye Shaka

JIBU: Ni sawa, kwa mpangilio huu: kahawia ni laivu kama ilivyokuwa nyekundu, bluu ni nyutro kama ilivyokuwa nyeusi. Hatari iko kwenye fezi tatu. Kwa rangi za zamani bluu ilikuwa fezi, na kwa rangi mpya nyeusi ni fezi. Mtu akifungua bodi yenye rangi za enzi mbili anaweza kuishika laivu akidhani ni nyutro. Mwambie afunge lebo kwenye kila ncha na abandike onyo kwenye mlango wa bodi, aandike kwa kalamu isiyofutika.