Pikapu ya Bodi Fupi Inabeba Pikipiki ya Motokrosi, Mradi Uifunge Wewe Mwenyewe

Msomaji mmoja wa Ruaka ameniandikia. Amenunua pikipiki ya motokrosi, ile ya mbio za kwenye udongo, KTM ya cc 250 iliyotumika, na nyumbani ana pikapu ya kazi, Hilux double cab, ile yenye viti vya nyuma na bodi fupi ya mizigo. Marafiki zake wamemshauri auze kimoja kati ya hivyo viwili kwa sababu, wanavyosema wao, haviendani. "Kaka, bodi ni fupi, pikipiki inabaki nje. Nifanyeje?"

Namjibu hapa mbele ya wote kwa sababu swali hili naulizwa kila mara, na kwa sababu ni jambo linalonigusa. Usiuze chochote, kaka. Hiyo pikapu inatosha. Jumapili iliyopita niliibeba pikipiki yangu hadi Magadi. Nilipita matuta yote ya Rongai na Kiserian, nikapigwa na ule upepo wa Corner Baridi unaotaka kukung'oa barabarani, nikashuka Olepolos hadi joto la chini kule. Nilipofika nilishika mikanda mmoja mmoja kwa mkono. Ilikuwa imekaza vilevile nilivyoiacha nyumbani. Wenzangu wawili waliokuja na trela walisimama wakaitazama bodi yangu, wakauliza maswali, na nikawaonyesha. Nilifurahi, sitaficha.

Tuanze na vipimo, maana hofu nyingi inatokana na kutopima. Double cab nyingi za hapa mjini, iwe Hilux, D-Max au Navara, zina bodi ya urefu wa karibu mita 1.5. Pikipiki ya motokrosi ya mtu mzima ina takriban mita 2.2 kutoka mwanzo hadi mwisho. Mtu akiona hesabu hiyo anakata tamaa. Lakini pikipiki inasimama kwa magurudumu, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni kama mita 1.48 tu. Sukuma gurudumu la mbele liguse ukuta wa bodi ulio nyuma ya kabini, na la nyuma litatua juu ya mlango wa nyuma wa bodi ulioshushwa, sentimita kama 30 kupita mwisho wa bodi. Shida yote ni hizo sentimita 30, na zinatibika.

Kabla sijapata pikapu yangu nilikuwa nakodi. Siku moja ya mashindano pale Jamhuri nilimpata dereva aliyeniambia amebeba pikipiki tangu enzi za boda boda za kwanza, nisimfundishe kazi. Nilikuwa nimekuja na mikanda yangu. Akaisukuma kando. Alitoa mipira ya tyubu, ile myeusi ambayo watu wa boda hufungia magunia, akaizungusha kwenye kiti na kwenye usukani, akavuta, akaipiga kofi mara mbili na kusema hiyo haiendi popote. Nilimwambia tyubu inanyumbuka. Alinijibu kwamba kunyumbuka ndiko kunakosaidia kwenye matuta.

Tuta la barabara ya Outer Ring lilitoa jibu. Nilikuwa nimekaa mbele na nikaona kila kitu kwenye kioo cha pembeni. Pikapu ilipanda, ikashuka, na wakati inashuka pikipiki ilikuwa bado inapanda, kwa sababu mpira uliiruhusu. Gurudumu la nyuma likatua pembeni ya mlango, usukani ukajipinda, na pikipiki ikalala ubavu wa kushoto juu ya ukingo wa bodi. Kikono cha klachi kilikatika. Redieta ya kushoto ikaingia ndani, na maji yake ya kijani yakawa yanachuruzika kwenye bampa tone kwa tone hadi lami. Dereva akashuka, akaangalia, akasema, "Hiyo ni kawaida, boss." Kisha akadai nauli yake yote, na akaipata, kwa sababu pikipiki yangu ilikuwa juu ya gari lake na sikuwa na njia nyingine ya kuiondoa pale.

Siku hiyo niliwatazama wenzangu wakishindana nikiwa nimeketi kwenye majani na kofia yangu ya chuma mapajani. Hilo halijanitoka mpaka leo. Redieta nilinunua nyingine. Ila neno "kawaida" nikilisikia likitamkwa juu ya mali ya mtu aliyehenya kuipata, moyo wangu unachafuka.

Sasa kazi yenyewe. Kupakia sitakaa sana: ubao mpana na imara, kreti la soda la kukanyagia wewe, na rafiki mmoja upande wa pili. Ukipata mahali penye kilima, rudisha pikapu kinyumenyume hadi mlango ukaribie usawa wa ardhi, na utasukuma bila jasho. Usiipandishe ikiwa inanguruma kwa moto wake. Mbio za namna hiyo zimepeleka watu hospitali.

Kiini ni gurudumu la mbele. Likikataa kusogea, mengine yote yanafuata. Ukuta wa kabini unalizuia kwenda mbele, lakini hakuna kinachokataza lisiteleze kushoto na kulia, hasa kama bodi ina ile plastiki nyeusi ya kuzuia mikwaruzo, ambayo ikiloa maji ni utelezi mtupu. Mimi nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea na gurudumu lenyewe. Akanitengenezea kishikio cha chuma chenye umbo la L pande mbili, upana unaobana tairi bila kulilazimisha, akakifunga kwa bolti kwenye sakafu ya bodi katikati kabisa. Chini yake nimetandika kipande cha mpira mzito. Gurudumu likiingia mle, pikipiki inasimama karibu yenyewe. Kama hutaki kutoboa bodi ya gari la kazi, kishikio kifungwe kwa bolti juu ya ubao mpana unaojaa kutoka ukingo hadi ukingo, hivyo hakiwezi kwenda popote.

Kuna wanaopendelea mshazari, gurudumu la mbele kwenye kona na la nyuma kona ya pili. Unapata sentimita chache, kweli. Lakini usukani unagonga ukuta wa bodi, yale mabega ya magurudumu ya gari yanayotokeza ndani ya bodi yanaingilia, na mikanda miwili ya mbele inakuwa na urefu tofauti, mmoja ukivuta kuliko mwenzake. Kwa pikipiki ya mtoto ya cc 85, ambayo ni kama mita 1.8, mshazari unafaa na huenda mlango ukakaribia kufungika. Kwa kubwa, mimi naiweka katikati, imenyooka.

Mikanda ya mbele ni miwili, na inafanya kazi mbili kwa pamoja: kuvuta chini na kuvuta mbele. Isishikwe kwenye vishikizo vya mkono, maana vinazunguka na kuharibu waya. Zungusha vitanzi vya kitambaa kigumu kwenye klampu ya chini inayoshika foku (ile miguu miwili ya mbele yenye springi), au kwenye usukani karibu na katikati, kisha kulabu za mikanda ziingie kwenye vitanzi hivyo. Kulabu ya chuma ikisuguana na chuma cha pikipiki itakula rangi, na ikilegea kidogo inachomoka. Ncha za chini ziende kwenye pete zilizo kwenye kona za mbele za bodi, chini kadiri inavyowezekana, zikitanuka kushoto na kulia. Mkanda unaoshuka wima kama kamba ya kisima unazuia pikipiki isiruke tu, hauizuii isianguke.

Nunua mikanda ya upana wa inchi moja au moja na nusu, iliyoandikwa uzito inaoweza kuhimili. Ya racheti, ile yenye kikazio cha meno, ina nguvu na kwa sababu hiyo inahitaji adabu: ukiendelea kupiga meno hata baada ya kukaza, unakandamiza foku hadi mwisho, na kwenye tuta la kwanza sili zinaanza kutoa mafuta. Foku ishuke theluthi moja hadi nusu ya mwendo wake, basi. Ili usibahatishe, weka kipande cha mbao kati ya tairi la mbele na madigadi, ukate kwa urefu unaokufaa. Mbao ikishabanwa sawasawa, umefika. Kaza kushoto kidogo, kulia kidogo, ukitazama pikipiki kwa nyuma hadi uione wima.

Sasa hizo sentimita 30. Mlango wa pikapu ulioshushwa unashikiliwa na waya mbili au vyuma viwili vyembamba, na juu yake unaweka zaidi ya nusu ya pikipiki yenye kilo 110 hivi. Ikisimama, unastahimili. Ikirukaruka kwenye mashimo, kila kishindo kinarudi kwenye zile waya. Kwa hiyo laza ubao, ule ule wa kupandishia kama urefu wake unafaa, uanzie ndani ya bodi na kuishia chini ya gurudumu la nyuma, ili uzito ugawanyike na sakafu ibebe sehemu yake. Kisha mkanda wa tatu na wa nne: kutoka kwenye fremu karibu na vikanyagio, au kwenye mkono wa gurudumu la nyuma, uende kushoto na kulia kwenye pete za nyuma za bodi. Hii haihitaji nguvu nyingi. Kazi yake ni kuzuia mkia usihame kwenda pembeni, ambao ndio ugonjwa ulioangusha pikipiki yangu pale Outer Ring. Wengi wanaishia mikanda miwili ya mbele na kusema inatosha. Haitoshi kwenye bodi fupi.

Na hapa naomba mnisikilize, ndugu zangu. Tunatoa laki kadhaa kununua pikipiki, tunanunua buti, magoti ya plastiki, kofia ya bei, halafu ikifika mikanda tunaomba kamba ya katani kwa mlinzi wa geti. Pikipiki ikidondoka Thika Road saa mbili asubuhi, atakayeipokea ni mtu wa boda aliye nyuma yako, na mama aliyembeba, na mtoto aliye katikati yao. Huyo hajui motokrosi wala hajawahi kuomba aijue. Ukimwachia mtu mwingine afunge mzigo wako, umemwachia pia maisha ya watu usiowajua. Funga mwenyewe. Akija mtu na uzoefu wa miaka mingi, mshukuru, kisha funga mwenyewe.

Kabla hujaondoka, shika usukani wa pikipiki uitikise kwa nguvu. Pikapu nzima itikisike pamoja nayo. Ikitikisika pikipiki peke yake, rudi kwenye mikanda. Funga koki ya petroli kama ina kabureta. Mikia ya mikanda inayopepea ifungwe, la sivyo itajisaga kwenye lami. Tundika kitambaa chekundu nyuma, na uhakikishe namba ya gari na taa zinaonekana, maana mlango ulioshushwa unaweza kuzifunika na polisi hatakuelewa. Endesha kilomita chache, simama kituo cha mafuta cha kwanza, shika mikanda yote tena. Mara nyingi tairi limejikalia vizuri na kuna nafasi ya jino moja. Mimi nikielekea Magadi husimama Kiserian, kabla ya kupanda.

Ukifika, anza kufungua nyuma. Kisha simama upande wa kushoto, shusha stendi kama pikipiki yako ina stendi, uishike kwa mwili wako, na ulegeze mkanda wa mbele wa kulia kwanza, polepole, ili foku ipande bila kukurusha na pikipiki ikuegemee wewe. Wa kushoto uwe wa mwisho. Pikipiki za mashindano hazina stendi, kwa hiyo hapo msaidizi ni lazima. Na usiiache imebanwa usiku kucha eti kesho unarudi nayo.

Kaka wa Ruaka, pima ndani ya bodi yako, upana kati ya yale mabega ya magurudumu, na upana wa tairi lako la mbele, kisha nitumie vipimo hivyo. Nitakuchorea kishikio umpelekee fundi.